Mkanda wa Kibodi

Juzi niliona video ya jamaa akibadilisha kibodi ya kompyuta ya zamani, ile ya nyumbani iliyokuwa ikichomekwa kwenye runinga. Alipoingiza mkanda wake mwembamba wa plastiki, ule unaoiunganisha kibodi na kompyuta, ulipasuka. Alicheka, akasema mikanda hiyo huzeeka hata ikiwekwa tu, na ikishazeeka haivumilii kukunjwa.

Kaka yangu Otieno alikuwa na kompyuta kama hiyo, ambayo Mama alipewa na mwajiri wake. Vitufe vyake vilikuwa vimekufa. Alasiri moja tulitembea kutoka Kawangware hadi kwa fundi wa kompyuta mtaa wa Makina, tukarudi na kibodi moja tu aliyobaki nayo. Chumba chetu kilinuka dagaa wa omena na mafuta taa.

"Shika hapo, Akinyi, na usipumue," Otieno alisema.

Niliushika mkanda. Nikasikia mlio mdogo, kama wa jani kavu.

"We! Umevunja!"

"Nimeshika tu!"

"Hiyo mikono yako! Hata uji nikikuachia utavunja."

Hakucheka. Wiki iliyofuata alibeba begi lake akaenda kwa shangazi Kisumu, na hakurudi kuishi nasi. Watu wazima hawakunieleza, nami sikuuliza, kwa sababu nilidhani najua. Kwa miaka mingi niliogopa kushika vitu vya watu.

Sasa najua mkanda ule ungepasuka hata mikononi mwa fundi. Basi Otieno aliondoka kwa nini? Nikimpigia simu, tunaongea habari za mvua tu.