Shavu la Mama Pascalia

Mitchel alikuwa na kazi ambayo pale kijijini Mayoni hakuna aliyeielewa, na yeye mwenyewe alishachoka kuieleza. Kuna dunia ndani ya kompyuta, watu wa ng'ambo huingia humo wakajichagulia miili: huyu malkia, yule mpiganaji, mwingine mrembo asiyezeeka. Mwili huo wa kubuni huitwa avata. Sasa ajabu ya watu hawa, wakishakuwa warembo kupita kiasi, hutaka picha zinazowaonyesha kama binadamu wa kweli, wenye ngozi. Hapo ndipo walipomtafuta Mitchel, binti wa mkulima wa miwa.

Alijifunza mwenyewe, kwa programu ya kuhariri picha isiyolipiwa. Alilainisha kingo za mabega, akatia kivuli chini ya kidevu, akachora nywele moja moja kwenye paji, akaweka nukta ya mwanga ndani ya jicho. Lakini ngozi ilimshinda. Uso wa avata ni laini kama sahani ya plastiki, na hata ukiupaka vivuli vya namna gani, unabaki sahani. Mpaka asubuhi moja alipomtazama mama yake, Pascalia, akichambua mboga mlangoni, mwanga ukimpiga kwa upande. Vinyweleo, makunyanzi, alama ndogo ya kukatwa na jani la muwa karibu na sikio: vyote vilikuwa pale, vya bure. Akachukua simu, akasogea karibu kabisa, akalipiga picha shavu.

Shavu lile aliliweka kama tabaka juu ya uso wa malkia mmoja, akalififisha kidogo kidogo mpaka likazama ndani, na malkia akapata uhai. Mteja alifurahi hadi akawaambia wenzake. Tangu hapo Pascalia akawa anaitwa mlangoni kila mara: leo paji la uso, kesho shingo, siku nyingine ngozi ya chini ya jicho.

Mama naye alijiandaa, na hili ndilo linalomuumiza Mitchel hadi leo. Kila alipoitwa, Pascalia alinawa uso, akajipaka mafuta, akafunga kile kitambaa chake cha bluu cha kuendea kanisani. Na kila mara binti alimwambia akivue kwa sababu kinaleta kivuli, na ajipanguse mafuta kwa sababu yanang'aa.

"Leo unapiga uso wote?" mama aliuliza.

"Leo nataka tu hapa kando ya pua, mama. Uso wote siku ingine."

"Unanikatanga vipande tu. Kwani mimi ni ingokho ya wageni?"

Wakacheka wote wawili, na huyo kuku wa wageni akarudi kwenye mboga zake. Hakukasirika. Harusini, au kwenye mikutano ya akina mama wa kanisa, kamera ikielekezwa kwake aligeuka pembeni akasema, "Mimi niko na fundi wangu nyumbani." Alisema kwa maringo. Mitchel alipoletewa maneno hayo alitabasamu, akaendelea na malkia wake.

Kisha Pascalia akaugua ghafla, akapelekwa hospitali, na hakurudi.

Kwao, siku mwili unapotoka mochari, picha kubwa ya marehemu hutangulia, imeshikwa na mmoja wa watoto. Huwekwa juu ya jeneza watu wapite kuaga, na baada ya mazishi hutundikwa sebuleni, ikakaa hapo miaka yote. Kamati ya mazishi ilibishania kila kitu: hema, ng'ombe, hata nani amfuate padri kuzungumza. Picha haikubishaniwa. Chrispinus, kaka mkubwa, alisema tu, "Picha iko na Mitchel," wakaendelea na mengine.

Mitchel akafungua kompyuta. Folda ya mama ilikuwa imejaa tele: paji, shavu hili, shavu lile, kidevu, shingo, viganja. Macho hayakuwepo. Hakuwahi kuyahitaji, kwa sababu macho ya avata yalikuwa mazuri tayari. Mdomo ukicheka haukuwepo. Alijaribu kuunganisha vipande, vikakataana, kila kimoja na mwanga wa siku yake. Akachukua picha ya kitambulisho, ndogo, ya zamani, akaikuza, akaivalisha ile ngozi. Mkono ukafanya ulichozoea: ukanyoosha pua, ukatia nukta ya mwanga jichoni. Alipomaliza, aliyemtazama kutoka kwenye kioo cha kompyuta alikuwa mwanamke mzuri, wa kweli kabisa, ambaye yeye hakumjua.

Akamfuta, akalia. Siku ya mazishi alitangulia mbele na picha ya kitambulisho iliyokuzwa ikajaa ukungu, msichana aliyekodoa macho, na baadhi ya waombolezaji waliinama kuitazama wakaulizana huyu ni nani. Mitchel alisikia.

Matanga yalipokwisha, mama mdogo Jael, ndugu wa Pascalia, alimkuta kazini, malkia amejaa kioo kizima. Akasimama nyuma yake.

"Huyu ni nani?"

"Ni mteja, mama. Si mtu wa kweli."

Jael akanyoosha kidole, akagusa kioo pale karibu na sikio, penye ile alama ndogo. "Hii aliipata tukipalilia miwa ya baba. Mimi ndiye nilimpangusa damu." Akakiacha kidole palepale. "Hii ni ya dada yangu."

"Ni yake."

"Sasa mbona huyu umempea, sisi ukatunyima?"

Mitchel akainuka. Akamvutia kiti. Akaikuza picha, akaikuza tena, mpaka macho ya malkia na taji lake vikatoka nje ya kioo, likabaki shavu peke yake, na hapo ndipo Jael alipoanza kulia.