Nguzo ya Kuegemea

Afisa wa mipango wa manispaa hakuwahi kunywa chai ameketi. Kila alasiri alifika kwa Mastula, aliyeuza chai barazani mwa duka kuukuu la Wahindi katikati ya Kasese, akapokea kikombe kwa mikono miwili kama mgonjwa apokeaye dawa, akaegemeza mgongo kwenye nguzo ileile na kufumba macho. Ukimsemesha, alikuinulia kidole: "Ngoja. Nimalize kwanza."

Jumatatu alikuja na kopo la rangi nyekundu. Moyo ukamlipuka Mastula, maana nyumba ikishapigwa X mjini hapa, tingatinga liko njiani.

"Mzee, si mulisema nyumba hii iko ya historia, mutaichunga?"

"Historia tumeshaihifadhi," akajibu, akimwonyesha picha kwenye simu. "Sasa mji unataka ghorofa."

Akachora X pana kwenye nguzo, akarudi nyuma kuikagua kama fundi cherehani akaguaye shela la bibi harusi, akaomba chai. Kisha, kwa mazoea, akaegemea.

"Mzee, hiyo rangi..."

Kidole kikainuka. "Ngoja. Nimalize kwanza."

Akamaliza taratibu, macho kayafumba, akaenda zake kikaoni kwa madiwani, X nyekundu imetanda mgongoni mwa koti lake la kijivu.

Benoît, muuza vitenge kutoka Butembo, akamsindikiza kwa macho. "Mama, mutu huyu batamubomoa lini?"

"Tungoje," alisema Mastula, akisuuza kikombe. "Wamalize kwanza kikao."