Nilikabidhiwa salamu za marehemu na watu wa documentary, nikaambiwa nisizifikishe mpaka kamera iwake

Wakuu, habari za weekend.

Hii si chai. Imenikuta mwenyewe hapa London, na mhusika mkuu mpaka leo tunapigiana simu. Majina nimebadilisha.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Walthamstow. Nina kazi yangu ya ofisini, ila weekend napiga vibarua vya ukalimani. Mara nyingi ni hospitali na mambo ya housing. Safari hii akanitafuta director kutoka Canada.

Alikuwa anatengeneza documentary ya mshairi wa huko kwao aliyefariki. Huyo mshairi ni Mhindi wa Tanga, alihama akiwa kijana, akaandika kwa Kiingereza maisha yake yote, na kule wanamheshimu kwelikweli. Mimi nilikuwa hata simjui. Msinicheke, mimi na mashairi ni mbalimbali.

Kwanza nikatumiwa clip niitafsiri kwa ajili ya subtitles. Mzee yuko kitandani hospitali, amekonda, sauti iko chini. Mle chumbani hakuna anayejua Kiswahili, ila yeye akaitazama kamera, akasema Kiswahili cha nyumbani kabisa:

"Mpeni salamu dada yangu Shirin. Mwambieni sikuwa peke yangu. Huyu nesi amenishika mkono."

Nikatafsiri, nikatuma. Machozi yalinitoka kidogo, si mnajua tena ukiwa ugenini.

Sasa huyo dada yupo Harrow, hapa hapa London. Bibi mtu mzima, nyonga inamsumbua, hakuweza kusafiri kwenda kumzika mdogo wake. Mpango wa director ulikuwa hivi: tumhoji nyumbani kwake, mimi nikitafsiri, halafu kamera ikiwa inarekodi, tumwoneshe ile clip kwa mara ya kwanza. Alikuwa anataka reaction. Akanisisitiza nisimdokeze chochote.

Nikakubali. Kwenye simu niliona ni gig kama gig nyingine.

Jumamosi tukafika. Viatu vimepangwa mlangoni, harufu ya bajia unaipata ukiwa nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

Nikamwambia Tanga, Ngamiani. Aisee, uso ulichanua! "Ngamiani barabara ya ngapi?" Basi tukaanza kutajiana majirani pale, director anatabasamu haelewi kitu, cameraman anahangaika na mataa yake.

Mara mama akashusha sauti.

"Mwanangu, hawa walikuwa na mdogo wangu kule. Hakuniachia salamu?"

Swali limekuja kabla ya kamera.

Kwa wadogo zetu mliozaliwa huku, niwaeleze kidogo. Kwetu salamu ni mzigo wa mtu. Ukipewa, unafikisha kabla hata hujakaa vizuri kwenye kiti. Sasa mimi ninazo, tena za marehemu, na mwenyewe ananiuliza ana kwa ana. Nikijibu "subiri kidogo mama", nimemchezea. Nikijibu "hamna", hiyo ni laana kabisa, nisidanganye.

Akaendelea: "Usiku silali. Nawaza alikufa na nani. Nchi ya baridi ile, hana mke, hana mtoto."

Nikamgeukia director, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama ana swali, jibu tunalo, na mimi siwezi kulikalia. Akasema nivumilie dakika chache tu, taa zinakaribia kuwa tayari. Nikamwambia hata moja siwezi. Akakunja uso. "We agreed," akasema.

Na kweli tulikubaliana. Hapo sina cha kumpinga.

Nikapiga magoti mbele ya kile kiti. "Mama, mdogo wako anakusalimu. Amesema hakuwa peke yake. Nesi alikuwa amemshika mkono."

Akanitazama usoni. Kisha akauliza, "Umemsikia mwenyewe, kwa masikio yako?"

"Kwa masikio yangu, mama, kwenye video waliyomrekodi. Na kwa Kiswahili."

Ndipo akalia. Alilia sawasawa, amenishika bega, na hakuna kilichorekodiwa. Cameraman akatoka akasimama bustanini. Director, nampa haki yake, alizima taa mwenyewe bila kuambiwa, akaenda jikoni kuleta maji.

Baadaye mama akajifuta, akatulazimisha kula bajia wote, ndipo akasema: "Haya, niwekeeni nimwone."

Safari hii kamera ilirekodi. Hakutoa chozi. Alimtazama mdogo wake mpaka mwisho, akamjibu pale pale kwenye screen: "Zimefika. Wewe pumzika."

Filamu imeshatoka. Niliiona na mama Shirin, mimi nikisukuma wheelchair. Sehemu hiyo ipo. Director tulisalimiana vizuri tu, ila kazi nyingine hajanipa, na sidhani kama atanipa.

Nilichojifunza: kabla hujaitikia gig, uliza kwanza unaombwa unyamazie nini. Mimi sikuuliza, nikajikuta nachagua nikiwa sebuleni kwa mtu.

Wale wa "makubaliano ni makubaliano" najua mpo, karibuni mnichape. Wakalimani na manesi humu, ninyi mngefanyaje? Sitaki matusi tu.

Mama Shirin nimempigia juzi asubuhi, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikaingiwa na wasiwasi. Mchana akanipigia mwenyewe, anacheka, ananiomba radhi.

Alikuwa amelala.