Niliivalisha smoke detector kofia ya kuogea: yaliyonikuta chuoni Ibra

Wakuu, salama?

Naandika kutoka Ibra, huku Sharqiyah, Oman. Nina jambo la kazini nimelibeba tangu mwaka jana, leo naona bora nilitue hapa. Yote nitakayosema yalitokea, na zaidi ya nusu yananitia aibu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Kwanza mnijue. Babu na bibi walitoka Unguja, mimi nimezaliwa huku huku. Kiswahili nimekipata jikoni kwa bibi, nikiteleza mahali mnivumilie. Ni fundi wa kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini, jina lake naliacha.

Chuoni tuna mama mmoja, nitamwita Bi Zuwena. Kazaliwa Pemba, kaja huku msichana mdogo, sasa amekaribia kustaafu. Ndiye afisa wa usalama: moto, wadi (mabonde ya mito) zikijaa maji, first aid, milango ya dharura, yote hayo yake.

Sisi tulimwita Mama Kengele.

Maana alikuwa na drill, zoezi la kutoka nje kama jengo linaungua, kila muhula. Kabla ya drill kuna mkutano wa drill, na baada ya drill kuna mkutano wa kuambiwa drill ilikuwa mbovu. Jua la Ibra nyinyi mnalisikia tu. Unasimamishwa kwenye maegesho, shingo inaungua, yeye anaita majina kwenye daftari moja moja. Wengine tulikuwa tunachukua chai yetu ya maziwa tunakwenda kukaa kwenye magari na AC.

Sasa kosa langu.

Huku Alhamisi ndiyo mwisho wa wiki ya kazi. Ofisini kwetu, ghorofa ya kwanza, Alhamisi asubuhi lazima kahawa, tende na halwa, kisha chetezo cha udi kinazunguka, kila mtu anafukiza kanzu yake. Alhamisi bila bukhuri watu wanaulizana kuna msiba gani.

Tatizo, smoke detector ya kwenye korido haijui tofauti ya udi na nyumba inayoungua. Mara mbili ililia, jengo zima likatoka nje, kumbe ni sisi na chetezo chetu. Mkuu wa idara akafoka mpaka sauti ikamkauka.

Mimi fundi nikatafuta dawa. Nilikuwa nimelala hoteli moja Sur na mke wangu wikiendi, nikarudi na zile kofia za plastiki za kuogea. Wakuu, kofia ile inakaa kwenye smoke detector utadhani imeshonewa. Nikapanda juu ya meza, nikaivalisha. Wenzangu wakanipigia makofi, na mimi nikayapokea.

Ikawa ndio utaratibu. Alhamisi asubuhi naivalisha, tunafukiza, halafu nasahau kuivua. Jumapili nikirudi kazini naikuta haipo. Nikajua ni wafagizi wanaitoa wakisafisha. Sikuuliza. Nilishaagiza boksi zima mtandaoni.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, wiki moja kabla ya mitihani. Niliivalisha kofia, tukafukiza kama kawaida, na zamu ya kusafisha chetezo ilikuwa yangu. Mkaa ulishakuwa mweupe, nikaona umezimika, nikaumwaga kwenye pipa la taka la chumba cha chai. Pipa limejaa vikombe vya karatasi na tishu. Nikafunga mlango, nikarudi kwenye kazi zangu.

(Mnaojua mkaa, msinitukane. Nimeshajitukana vya kutosha.)

Karibu na adhuhuri nikanyanyuka kwenda kutawadha. Nikaona moshi unatoka chini ya mlango wa chumba cha chai, mweusi, una harufu ya plastiki.

Kilichonijia kichwani kwanza hakikuwa moto. Ilikuwa kofia.

Mwisho wa korido ile kuna chumba cha kusalia cha wasichana. Mlango mzito, AC inanguruma, ukipiga hodi husikiki. Na ndani yupo Shamsa, mwanafunzi aliyevunjika mguu, ana plasta mpaka juu ya goti. Kila siku saa zile hujilaza humo kungojea sala, kwa sababu ngazi zinamchosha. Nilimwona kwa macho yangu akiingia na magongo yake. Moshi ulikuwa kati yangu na yeye, na kengele nimeiziba kwa mkono wangu.

Nikakimbilia kile kiboksi chekundu cha ukutani, kile cha kuvunja kioo. Kipo upande wa pili wa ngazi. Nilikuwa nasema kwa sauti, ya Rabbi, mtoto wa watu.

Sijafika, kengele ikalia.

Nikageuka nikatazama juu. Smoke detector ilikuwa kichwa wazi. Taa nyekundu inawaka na kuzima, kofia hakuna.

Bi Zuwena alikuwa ameshafika kwenye ngazi, kavaa kizibao cha njano juu ya abaya.

"Shikamoo Bi Zuwena, Shamsa yumo ndani," nikasema. Hata sijui kwa nini nilimwamkia.

"Marahaba. Shamsa ana watu wake. Teremka, mwanangu."

"Lakini moshi..."

"Teremka. Yallah."

Nikateremka. Wakuu, nje nilikuta kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nywele zinanisimama. Wanafunzi wote wamejipanga, kila darasa mahali pake, kimya. Watoto wale wale niliodhani wanacheza na simu kwenye drill. Hakuna aliyekwenda kwenye gari lake.

Bi Zuwena akafungua daftari, akaanza kuita. Akafika kwa Shamsa. Kimya. Akaita tena, sauti ile ile, hakuipandisha. Nilitaka ardhi inimeze.

Ndipo tukasikia watu wanahesabu.

"Wahid. Thnein. Thalatha."

Sauti zinatoka kwenye ngazi za nje, nyuma ya jengo, ambako chumba kile cha kusalia kina mlango wake wa dharura. Wasichana wawili wamekunja abaya zao, wanamteremsha Shamsa kwenye kiti cha kubebea watu, ngazi moja moja, wanahesabu ili wasipishane. Wa tatu yuko nyuma na magongo. Ndio waliokuwa wanachekacheka kila drill, wakifanya zoezi la kubebana. Kumbe Bi Zuwena aliwaandika kwa majina siku ile ile Shamsa aliporudi na plasta.

"Shamsa hadhira, Bibi, yupo," akasema wa mbele, anahema.

Bi Zuwena akatia alama, akaita jina linalofuata.

Mimi nililia pale maegeshoni, mtu mzima, mbele ya wanafunzi. Sikuwahi kuona kazi ya mtu ikasimama mbele yangu namna ile.

Moto ulizimwa, kikaungua chumba cha chai tu. Watu walipotawanyika, Bi Zuwena akanijia. Akafungua mkoba wake, akatoa kofia za kuogea, fungu zima, zimekunjwa vizuri.

"Zako hizi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kila Alhamisi mkishamaliza mambo yenu naja na ngazi yangu, naivua. Weye ushajifungia na kompyuta zako."

"Kwa nini hukunisema?"

"Nimeandika barua mbili kwa wakubwa, bukhuri ikafukizwe nje barazani. Mpaka wajibu, ngazi ninayo." Akanitia zile kofia mkononi. "Na weye nilikungojea useme mwenyewe. Hapo nilikosea. Ilinipasa nikutaje."

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo siku ile ile nikasema yote, kofia na mkaa. Nikapewa barua ya onyo, na nilistahili. Bukhuri sasa inafukizwa barazani, na wallahi inanukia vizuri zaidi.

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani usalama ni vile vitu vilivyopachikwa ukutani na kwenye dari. Kumbe ni mama wa miaka karibu sitini anayepanda ngazi kila Alhamisi kufuta ujinga wangu, na hamwambii mtu.

Akistaafu, daftari na ngazi vinakuja kwangu. Niliomba mwenyewe. Alhamisi iliyopita nilipanda kuikagua smoke detector, nikaikuta kichwa wazi. Baada ya adhuhuri nikapanda tena, kuhakikisha hakuna aliyeivalisha.

Haya wakuu, uwanja wenu. Huko makazini na vyuoni kwenu kuna nini mmekiziba, mmekifunga kwa mnyororo au mmekipangia maboksi mbele yake? Semeni hapa hapa, hakuna atakayewacheka. Mimi nimeshaanza.