Mlima wa Pamba

Kabla sijaona kitu, nilisikia yowe la majirani sebuleni kwetu, Katoro. Juzi nilipoona kwenye simu mtelezaji wa theluji akibebwa kwa machela, yowe lile lilinirudia.

Mchana ule wa utotoni mwangu, kwenye runinga, mtelezaji ambaye majirani walimshangilia aliruka kwenye mlima mweupe wa theluji akaanguka vibaya.

“Baba Neema, umeona mtu akianguka,” mama alisema. “Leo usishuke duarani.”

Wachimbaji wengi wa dhahabu waliuogopa mwiko huo: ukiona mtu akianguka, hushuki duarani, yaani shimoni, siku hiyo. Baba alisita, kofia yake inayonuka udongo mbichi ikiwa mkononi. Mimi nilidhani mlima ule ni pamba tupu, kama ya ghalani kwa babu.

“Hajaumia, baba. Si pamba ile?”

“Umesikia, Mama Neema? Mtoto kakushinda akili!”

Wote walicheka, isipokuwa mama. Baba akavaa kofia, akatoka, mlango wa bati ukajifunga nyuma yake kwa mara ya mwisho.