Mwili Upelekwe Wapi

Fomu niliichapa mwenyewe, kwa hiyo siwezi kusema sikuiona namba tano. Katibu wa kikundi cha kuzikana cha mtaa wetu aliileta steshenari ninapofanya kazi, hapa Makambako, ikiwa imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Jina la mwanachama. Umri. Mtu wa karibu. Simu yake. Halafu namba tano: Mwanachama akifariki, mwili upelekwe wapi? Nilichapa, nikanyoosha mistari, nikatoa kopi arobaini, nikamkabidhi. Alipotoka nikatoa moja zaidi, nikaikunja na kuitia kwenye mkoba. Ilikaa humo wiki mbili.

Sikuwa naumwa. Nina miaka ishirini na sita na kifua changu husumbuka Juni tu, kama vifua vya watu wote huku. Nilitaka kuingia kwenye kikundi kwa sababu ya msiba wa jirani aliyefiwa na mama yake. Siku tatu nilichota maji, nikamenya viazi, nikasugua masufuria makubwa kwa majivu mpaka kucha zikawa nyeusi. Siku ya kuanua matanga msemaji alisimama kushukuru. Akawataja akina mama wa kikundi kila mmoja kwa jina, akataja kwaya, vijana waliofunga turubai, dereva aliyesafirisha mwili, kisha akamalizia: "Na wapangaji wote waliojumuika nasi." Mpangaji pale nilikuwa mimi peke yangu. Nilikwenda chumbani, nikakaa kitandani na vitenge vyenye harufu ya moshi, nikaapa kwamba msiba unaofuata nitatajwa kwa jina.

Namba moja na mbili nilizijaza siku ile ile niliyoichapa fomu. Namba tatu niliandika jina la shangazi yangu. Namba tano ndiyo iliyonikosesha usingizi, maana mimi ni mtu wa kulizungusha jambo moja kichwani mpaka linachakaa. Nilianza kuwaza nani atapigiwa simu, gari litakata kona gani, na likifika huko nani atatoka ndani kulipokea. Kila nilipofika hapo kwenye kupokea, nilikwama.

Nilizaliwa Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu na Mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Mama alifariki nikiwa na miaka mitano. Masika yaliyofuata mto uliacha njia yake ukapita kwetu. Ulichukua nyumba, ukachukua uwanja, ukachukua na kaburi la mama ambalo lilikuwa bado halijaota majani. Baba alivuka kwenda ng'ambo ya ziwa kutafuta maisha, akayapata huko pamoja na mke na watoto wengine. Mimi nikaletwa Makambako kwa mama mdogo. Nikiwa na miaka kumi mama mdogo akaolewa mbali, nikapelekwa Yakobi, Njombe, kwa shangazi. Kutoka hapo bweni, bweni tena, chuo.

Makambako watoto waliniita Dagaa. Yakobi waliniita wa Ziwani. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilisafiri peke yangu kushuka Manda, nikitarajia sijui nini, labda kwamba miguu itaujua mchanga. Mwanamke aliyekuwa anaanika samaki alinisikiliza ninavyoongea kwa lafudhi ya Njombe, akaniuliza, "Wewe Mbena umekuja kununua?" Nikamwambia nimezaliwa pale. Akauliza nyumba ipi. Nikanyoosha kidole, kikaenda kuishia majini. Akacheka, si kwa ubaya, akanipa samaki wawili wa njiani. Wa njiani, kwa sababu wageni hupewa cha njiani.

Kwa hiyo nilipokaa na ile fomu, Manda niliiondoa kwanza. Ikabaki Yakobi. Jumamosi moja nilipanda gari kwenda Njombe kumwomba shangazi ruhusa. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi. Nisiseme "kuzikwa," nitamtisha. Niseme "nyumbani." Lakini nikisema "nyumbani" atafikiri nataka kurudi kuishi.

Nilimkuta jikoni anachochea kuni za miti ya miwati, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi kwa baridi. Sentensi zote zikapotea.

"Shangazi, nikifa naweza kuzikwa hapa?"

Akageuka na mwiko mkononi. "Una mimba?"

"Hapana, shangazi."

"Umepimwa ukaambiwa nini?"

"Sijaambiwa kitu. Ni fomu tu."

Akaisoma fomu kwenye mwanga wa mlango, akanirudishia, akakaa kwenye kigoda. "Mwanangu, mimi mwenyewe hapa nitalazwa kwa sababu ya mume wangu. Ni ndoa iliyonileta. Wewe nikuingize kwa mlango upi?"

Mumewe, ambaye tangu utoto namwita baba, alikuwa amesikia kutoka uani. Aliingia akifuta matope mikononi. "Hapa ni kwao," akasema. "Amekulia hapa, nani atabisha?" Nilitaka kulia kwa furaha. Kisha akajikuna shingoni. "Ila kwa mambo ya makaburi, lazima ukoo ukae. Kuna kaka zangu. Kuna wazee walio juu yao. Tutawaita, tutaongea, siyo kazi ya siku moja."

Naye ni mtu mwema na alikuwa anasema kweli. Nililiona lile kundi la wazee wamekaa kwenye benchi wananijadili, kama walivyonijadili nilipokuja na kifurushi changu, kama mama mdogo alivyonijadili na mchumba wake, kama baba mzazi na watu wa Manda walivyonijadili wakati maji bado hayajapungua. Kila nilipowahi kuishi paliamuliwa na watu waliokaa bila mimi. Nikamwambia, "Baba, msiwaite." Shangazi akanipakulia kande. Tukala, tukaongea habari za parachichi.

Nikiwa kwenye gari la kurudi niliitoa fomu, nikaiweka juu ya mkoba, na pale lami iliponyooka nikaandika: Makambako. Mara moja nikaanza kuwaza kwamba watanicheka, kwamba itaonekana najifanya, kwamba labda kuna sheria. Sikuifuta.

Kikundi hukutana Jumapili baada ya ibada, uani kwa mwenyekiti, ambaye ni mama mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Siku hiyo upepo ulikuwa unapuliza vumbi kama kawaida ya Makambako, na akina mama walikuwa wanachambua maharage huku wakisubiri ajenda. Mama mwenye nyumba yangu alikuwepo, mwanachama wa siku nyingi. Niliketi mwisho wa mkeka. Katibu, mwalimu mstaafu asiyeona karatasi bila kuisahihisha, akaisoma fomu yangu kwa sauti. Alipofika namba tano akavua miwani.

"Hapa umekosea, binti. Hapa tunataka kwenu."

"Sijakosea, mama. Ni hapa."

"Hapa unakaa. Nakuuliza kwenu kwenyewe."

Hilo neno kwenyewe nimelisikia maisha yangu yote. Ukitaja mahali unapoishi, watu hutikisa kichwa kama umewapa ganda, wanasubiri kokwa.

"Kwetu kwenyewe ni hapa," nikasema.

Mama muuza mitumba akapiga kofi pajani. "Huyu anataka kuzikwa stendi, mabasi yampigie honi mpaka siku ya ufufuo!"

Wakacheka. Wakahamia Kibena, lugha ya wenyeji wa huku, kama watu wafanyavyo wanapotaka kumjadili mtu mbele yake kwa heshima. Mmoja, aliyesikia kwa mama mwenye nyumba kwamba nilizaliwa Ziwani, akasema wakinikubali, siku nikifa ndugu zangu watapanda kutoka huko na kudai mwili, itakuwa vurugu barabarani. Mwingine akasema wasichana wakisoma sana huwa hivi. Mwenyekiti akauliza kama akili zangu ni nzima.

Nikajibu kwa Kibena kile kile, Kibena cha jikoni kwa shangazi, kwamba akili zangu ni nzima, na kwamba ndugu wa kuugombania mwili wangu ningewapenda sana, anayewajua aniletee leo.

Mikono ikasimama juu ya maharage.

"Yesu wangu, anasikia!"

"Jamani, tumesema nini kingine?"

"Wewe ndiye uliyesema kasoma sana, mimi sikusema kitu!"

Mwenyekiti alicheka mpaka akapangusa macho. Kisha akanyoosha mgongo, akanisalimia upya kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia. "Kamwene, mwanangu."

"Kamwene," nikaitikia.

Katibu hakucheka. "Lugha siyo hoja. Yule padri mzungu aliongea Kibena kutushinda sisi, na alipokufa walimsafirisha kwao." Akaigonga fomu kwa kidole. "Tena tuambizane ukweli. Makaburi ya mji ni ya watu wasiojulikana. Wanaookotwa barabarani. Huko ndiko unakotaka?"

"Basi nijulikane," nikasema. "Ndicho kilichonileta kwenu leo."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Kwa kweli sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimesimama na sikumbuki nilisimama saa ngapi. Nikawaambia Manda mto umeshapachukua. Yakobi wananipenda lakini mpaka kikao kikae. "Kote huko, hata hapa mara ya kwanza, nililetwa," nikasema. "Nilibebwa, nikapokelewa, nikaachwa. Baada ya chuo nilikuwa na uwezo wa kwenda popote, nikapanda basi mwenyewe, nikashuka hapa. Hakuna aliyenituma. Sasa mnaniambia mahali pekee nilipojichagulia ndipo pasiponihusu? Mtu akifukiwa mahali alipopelekwa mnaona sawa, akitaka kufukiwa mahali alipokuja mwenyewe mnaona ana wazimu?"

Nilikaa. Nikaanza kujuta papo hapo lile neno wazimu.

Mwenyekiti akawatazama wenzake. "Katiba inasema mtu ajaze mahali. Haisemi mahali gani. Au inasema?"

Katibu akafungua daftari, akatafuta, akafunga. Katiba hiyo nayo nilikuwa nimeichapa mimi na nilijua haisemi.

"Anayekataa anyooshe mkono." Ikanyooshwa mitatu, wa katibu ukiwa juu kuliko yote. "Wanaokubali." Sikuweza kutazama. Nilisikia tu maharage yakianguka kutoka mapajani mwa watu. "Amepita," mwenyekiti akasema. "Mwandike."

Katibu akashusha pumzi, akafungua ukurasa mpya, akachomoa penseli nyuma ya sikio.

"Kwa nini penseli?" nikauliza.

"Mabinti wote tunawaandika kwa penseli. Ukiolewa tunafuta, tunaweka kwa mumeo."

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa ananieleza utaratibu, kama anavyomweleza mtoto kwamba jina la mtu huanza kwa herufi kubwa. Nilitazama ukurasa wa nyuma yake na kweli, majina ya wasichana wawili watatu yalikuwa na kijivu cha penseli pembeni, na juu ya mengine kulikuwa na alama ya kifutio na mahali papya pameandikwa kwa wino: Iwawa, Ludewa, Mafinga.

"Kalamu, mama," nikasema.

"Na ukiolewa?"

"Atakayenioa nitamwambia nitalala wapi. Akitaka, aje alale jirani."

"Hee!" akasema muuza mitumba. "Huyo mume kazi anayo!"

Katibu akanitazama kwa macho ya mwalimu anayepima kama mwanafunzi anajua au anabahatisha. Kisha akatoa kalamu ya wino wa bluu kwenye mkoba wake, akaigeuza, akanielekezea mimi. "Andika mwenyewe basi. Mimi mkono wangu haumo."

Nikaandika jina langu. Nikaandika Makambako, herufi zikapanda mlima kidogo. Nilikuwa bado sijainua kalamu mama mwenye nyumba yangu alipopiga magoti kando yangu na kuanza kupekua daftari kurudi nyuma.

"Yangu iko wapi? Nitafutieni yangu."

"Ya nini?" akauliza katibu.

"Mmeniandika Iwawa. Yule mwanaume kaniacha mwaka wa kumi na tano huu, Iwawa kwenyewe niliwahi kufika mara mbili na mara zote nilitetemeka usiku kucha. Niende kulala kwenye ile baridi milele, na mke wake mwingine pembeni?" Akaupata mstari, akauwekea kidole. "Mwanangu, lete hiyo kalamu."

Katibu akasema haiwezekani, hilo ni wino, wino haufutiki. Mama mwenye nyumba akasema basi likatwe. Wawili waliokuwa wamenyoosha mikono kunikataa wakasogea kuona mistari yao wenyewe ilisemaje, na mwenyekiti akaanza kupiga kelele kwamba ajenda ya pili ni turubai.

Kalamu nilikuwa nayo mimi. Nikampa.