Herufi Zilipogawanyika

Mwenzangu wa kazini alinisindikiza uwanja wa ndege mwenyewe. Mama yangu alikuwa amefariki Tanga, na mimi nilikuwa bado nimevaa koti la kazi. Njia nzima kutoka Midrand, huku Afrika Kusini, alinipoza. Kila gari liliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, alinigeukia akanipa kitambaa nifute machozi.

"Dada, kwenda uzike mama," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Kazi iko mu mikono yangu."

Kweli, ilikuwa mikononi mwake.

Sote wawili tulikuwa wahandisi katika kampuni ndogo iliyotengeneza projekta za mkobani, za kurushia picha ukutani. Udogo ndio uliokuwa sifa yake na ndio uliokuwa ugonjwa wake. Chipu inayounda picha ni kama ukucha, nukta zake chache, na ukiikuza picha hadi ijaze ukuta, herufi zinaonekana kama zimetafunwa na panya. Wateja wetu walikuwa shule na makanisa, na aliyekaa viti vya nyuma hakusoma kitu. Chipu kubwa zaidi isingeenea katika boksi lile.

Nilichofanya ni kuweka kipande chembamba cha kioo kati ya chipu na lenzi, kikitikiswa na sumaku. Kila picha niliigawa mara mbili. Sehemu ya kwanza inapita, kioo kinainama kidogo mno, kisha sehemu ya pili inaangukia katikati ya nukta za ile ya kwanza. Jicho haliwahi kuona mabadiliko hayo. Linaona picha moja iliyokolea. Mashine kubwa zinafanya hivyo tangu zamani, sikudai nimevumbua. Kazi ilikuwa kukifanya kioo kile kiishi ndani ya boksi letu dogo, na kazi hiyo ilinila miezi mingi na ndoa yangu kidogo. Siku herufi ndogo ziliposimama wima ukutani, nililia. Mwenzangu alikuwepo. Aliniletea chai.

Niliporudi kutoka msibani, bosi wetu, mama mzaliwa wa Joburg asiye na maneno mengi, alinipa pole, kisha akaniambia nimpongeze mwenzangu. Amemaliza tatizo la picha nikiwa mbali, alisema, na wateja wameshaalikwa kuja kuona. Nilimtazama mwenzangu. Hakuinamisha hata kichwa.

"Dada naye alisaidia," alisema.

Alisaidia! Usiku ule ule nilipoosha maiti ya mama, huyu mtu alinipigia simu akanisomea sala. Kumbe alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu.

Sikupiga kelele. Ningeonekana mfiwa aliyechanganyikiwa na kuingiwa na kijicho. Lakini nilipoigusa mashine jioni hiyo, niligundua kuwa hakuijua. Ikipata moto, kioo kinakuwa kizito, kinachelewa nyuma ya picha, na zile sehemu mbili hazikutani tena. Niliiona kasoro hiyo mara tu kabla ya simu ya msiba, sikuwahi kumwambia mtu. Yeye aliijaribu ikiwa baridi, akaizima, akajisifu.

Dawa yake niliitengenezea nyumbani kwangu, mtaa wa Observatory, juu ya meza ya kulia: kitambuzi cha joto kinachoiambia saketi inayopitisha picha isubiri kioo. Nilikitia kwenye pochi yangu, nikawa naingia nacho kazini kila siku kama mtu aliyebeba wembe.

Siku ya maonyesho walikuja walimu wakuu na wachungaji. Mwenzangu alivaa suti. Taa zilipozimwa, maandishi yalitokea ukutani safi kama yamechapwa, watu wakapiga makofi. Alipotaka kuzima, nikasimama na adabu zangu zote za Tanga.

"Wageni wetu wanywe chai kwanza," nilisema kwa Kiingereza. "Tuiache iwake. Wakirudi waone inavyostahimili."

Bosi alilipenda wazo hilo. Mwenzangu angekataaje? Nilikula sambusa zangu taratibu, na tangu mama azikwe sikuwa nimewahi kusikia ladha ya chakula namna ile.

Waliporudi, kila herufi ilikuwa na mzuka wake pembeni. Mwalimu mkuu mmoja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwenzangu alibonyeza hiki na kile, jasho likamtoka, kisha akanisogelea na kuninong'oneza kwa Kiswahili ili wageni wasielewe.

"Dada, nisaidie, tafazali."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," nilimjibu. "Si umemzaa wewe?"

"Dada, nina watoto."

"Na mimi nilikuwa na mama. Sema ni ya nani. Kwa Kiingereza, na kwa sauti."

Alimtazama bosi, akaitazama picha mbovu ukutani. Akasema. Alisema kwa sauti ya chini, nikamwomba arudie, akarudia. Ndipo nilipofungua pochi. Nilimshikisha tochi na bisibisi mbele ya wote, akanimulikia nilipokuwa nikifunga kitambuzi changu. Nikamwambia amulike vizuri. Picha ilikaa sawa na haikuyumba tena.

Alihamishiwa stoo, na kabla ya baridi kwisha akaacha kazi. Watu wetu, Wakongo kwa Watanzania, walinijia kwa zamu: samehe, sisi sote wageni hapa. Niliwakaribisha, nikawapa chai, nikawasindikiza getini.

Mwezi uliopita alikuja mwenyewe kwangu. Binti yangu alipokea kengele ya getini, akaniambia kwa Kiingereza chake kuna mwanamume anaomba kuniona. Nilikishika kisimu cha ukutani cha kuongelea na aliye getini, nikamwacha aseme yote: shetani, shida, aibu. Alipomaliza alisubiri. Nilimsikia anavyohema.

Nikakirudisha kisimu mahali pake.

"Ni nani, Mama?"

"Mtu wa kazini zamani," nilisema, nikamwambia anawe mikono, wali umeiva.